Kufungasha programu ya wavuti kwa seva yenye tovuti nyingi: kifurushi kimoja kwa shule thelathini

Swali: Nasimamia seva ya Debian 12 yenye kumbukumbu ya GB 4, inayobeba tovuti za shule zipatazo thelathini. Zote zinatumia programu moja tuliyoiandika wenyewe kwa PHP, yenye matokeo, ada na matangazo kwa wazazi. Kila shule ina nakala yake ya programu ndani ya /var/www, na kila tunaporekebisha kosa nalazimika kuzizungukia folda zote. Nimetengeneza kifurushi cha .deb ambacho, wakati wa kusakinishwa, huuliza jina la kikoa na nywila ya hifadhidata. Kwa shule ya kwanza kilifanya kazi. Kwa ya pili nimekwama, kwa kuwa dpkg, chombo cha Debian cha kusakinisha vifurushi, haisakinishi kifurushi kilekile mara mbili. Je, nitengeneze kifurushi kwa kila shule, au nihamie kwenye kontena, yaani kila tovuti ndani ya kisanduku chake kilichotengwa?

Jibu: Ndugu msomaji, sikushauri lolote kati ya hayo mawili, angalau si kwa hatua hii. Kilichokukwamisha ni kwamba kifurushi chako kimepewa kazi mbili zisizofanana: kuleta programu kwenye seva, na kuunda tovuti ya shule. Kazi ya kwanza hufanyika mara moja kwa kila seva, na ndiyo dpkg iliyobuniwa kuifanya. Ya pili hurudiwa kadiri wateja wanavyoongezeka, kwa nyakati tofauti, na pengine na mtu ambaye hana haja ya kugusa apt (amri ya kuleta na kusasisha vifurushi) kabisa. Kifurushi kikishamaliza kusakinishwa, seva iwe na programu iliyokamilika ambayo bado haihudumii tovuti hata moja. Tovuti ziundwe baadaye, kwa amri iliyoletwa na kifurushi hicho. Karibu yote nitakayoyaeleza yanatokana na utengano huo.

Kwa urahisi wa mifano, tuiite programu yako daftari, na moja ya shule zako tuipe kitambulisho kifupi: mfano. Kitambulisho hicho kiwe tofauti na jina la kikoa, tena kisibadilike. Shule huanza na anwani ya .com iliyonunuliwa haraka, kisha baada ya mwaka mmoja zikahamia .sc.tz au .sc.ke, na ukiwa umelitumia jina la kikoa kutaja folda, hifadhidata na watumiaji wa mfumo, mabadiliko ya anwani yatageuka kuwa kazi ya usiku kucha. Kikoa kiandikwe ndani ya mipangilio ya tovuti kama taarifa ya kawaida inayoweza kubadilishwa. Kitambulisho kiwe cha herufi ndogo na kiwe kifupi, kwa sababu kitaingia pia kwenye jina la mtumiaji wa Linux, ambalo kikomo chake ni herufi 32.

Sasa mpangilio wa mafaili. Kiwango cha FHS, yaani mwongozo wa mpangilio wa folda za Linux, ambacho toleo lake la 3.0 la mwaka 2015 ndilo msingi wa sera ya Debian, kinataka /usr iwe sehemu inayosomwa tu wakati mfumo unafanya kazi. Kwa hiyo msimbo wote wa PHP, picha za muonekano na mafaili ya CSS vikae /usr/share/daftari, vimilikiwe na root (msimamizi mkuu wa mfumo), na asiwepo mtumiaji wa tovuti mwenye ruhusa ya kuviandika. Mipangilio ya kila shule ikae /etc/daftari/tovuti/mfano/, vitu vinavyopakiwa na shule vikae /var/lib/daftari/mfano/, na vile vinavyoweza kufutwa wakati wowote bila hasara vikae /var/cache/daftari/mfano/. Kifurushi kisiguse /var/www wala /srv. FHS inasema wazi kwamba programu isitegemee mpangilio wowote mahususi ndani ya /srv, kwa maana hapo ni mahali pa msimamizi wa seva kupanga apendavyo.

Mpangilio huu ni rahisi kuuandika na mgumu kuutekeleza, kwa sababu programu nyingi za PHP zimezoea kuandika popote. Kabla ya kufungasha chochote, tafuta ndani ya msimbo kila mahali panapoitwa file_put_contents, move_uploaded_file, mkdir na fopen yenye ruhusa ya kuandika, kisha uhakikishe kwamba njia ya faili inatokana na mipangilio ya tovuti badala ya __DIR__ (folda lilimo faili la msimbo lenyewe). Maktaba za wengine nazo zina tabia hiyo: za violezo huhifadhi violezo vilivyokwisha kutafsiriwa, na za PDF huhifadhi taarifa za fonti, mara nyingi ndani ya folda ya vendor. Zipe njia ya kwenda /var/cache waziwazi. Maktaba hizo zenyewe uziweke ndani ya kifurushi wakati wa kukitengeneza, kwa composer install --no-dev (composer ni chombo cha kuleta maktaba za PHP), na usithubutu kuiita composer ndani ya postinst, skripti inayoendeshwa mwishoni mwa usakinishaji. Usakinishaji unaotegemea mtandao wa nje utakuangusha siku unayorekebisha tundu la usalama kwa haraka.

Swali kubwa linalofuata ni hili: ikiwa msimbo ni mmoja kwa shule zote, programu itajuaje kwamba ombi lililofika ni la shule ipi? Kifurushi cha WordPress cha Debian kinatoa jibu moja linalostahili kusomwa. Faili lake la wp-config.php halina mipangilio ya tovuti yoyote; huchukua jina la mwenyeji (yaani kikoa kinachoombwa) lililoletwa na kivinjari, huondoa namba ya mlango na herufi zisizoruhusiwa, kisha hutafuta faili la /etc/wordpress/config- lenye jina hilo mwishoni. Likikosekana hujaribu jina bila sehemu ya kwanza, na mwishowe hurudi kwenye config-default.php. Drupal nayo kwa miaka mingi imetumia folda ya sites kwa mantiki inayokaribiana na hiyo. Njia hii ina uzuri wake, kwa kuwa kuongeza tovuti ni kuongeza faili tu.

Kasoro yake ni kwamba jina hilo linatoka kwa mgeni. Ukilisafisha vizuri, kama Debian wanavyofanya, halitamruhusu mtu kusoma faili la ajabu, lakini bado lina matatizo mawili. Kwanza, kazi za usiku zinazoendeshwa na cron hazina jina la mwenyeji kabisa, na itabidi ulibuni. Ndiyo maana wp-cli ina chaguo la --url. Pili, na hili ni zito zaidi, ili faili lolote la mipangilio liweze kuchaguliwa kwa jina, ni lazima mtumiaji mmoja wa mfumo, yaani www-data, aweze kuyasoma yote. Mtu akipata upenyo katika shule moja, kwa mfano kupitia fomu ya kupakia picha, atasoma nywila za hifadhidata za shule zote thelathini kwa mstari mmoja wa PHP. Kwa mtu mwenye blogu tano zake mwenyewe, hatari hiyo huenda ikavumilika. Kwa wewe unayeshika rekodi za ada na matokeo ya watoto wa shule zisizohusiana, sioni jinsi ya kuitetea.

Jibu la pili ni la simlinki, yaani viungo vinavyoelekea kwenye faili au folda iliyo mahali pengine: kila tovuti inapewa folda yake yenye simlinki zinazoelekea /usr/share/daftari, pamoja na faili lake la mipangilio pembeni. Gentoo wana chombo kiitwacho webapp-config kinachofanya kazi ya jamii hii, yaani kusakinisha nakala au viungo vya programu kwenye folda za wenyeji mbalimbali. Ukijaribu kwa mkono utakutana na jambo linalowasumbua wengi: PHP huifuata simlinki hadi mwisho kabla ya kuipa __DIR__ thamani, kwa hiyo index.php iliyounganishwa kutoka folda ya mfano itajiona ipo /usr/share/daftari, na faili la mipangilio lililo pembeni ya simlinki halitaonekana. Zaidi ya hapo, Apache iliyowekewa SymLinksIfOwnerMatch, kama ilivyo desturi kwenye seva za wateja wengi, itakataa simlinki inayomilikiwa na mteja huku faili lenyewe likimilikiwa na root. Matatizo yote mawili yana ufumbuzi, ila sioni sababu ya kujitwisha wakati ipo njia iliyonyooka zaidi.

Njia ninayokushauri ni kuipa kila shule mtumiaji wake wa mfumo na kundi lake la michakato ya PHP-FPM (huduma inayoendesha PHP nyuma ya seva ya wavuti), kisha kitambulisho cha tovuti kipitishwe kama kigezo cha mazingira kutoka kwenye mipangilio ya kundi hilo. Katika Debian 12, yenye PHP 8.2, faili lingekaa /etc/php/8.2/fpm/pool.d/daftari-mfano.conf na lingefanana na hili:

```
[daftari-mfano]
user = daftari-mfano
group = daftari-mfano
listen = /run/php/daftari-mfano.sock
listen.owner = www-data
listen.group = www-data
pm = ondemand
pm.max_children = 4
pm.process_idle_timeout = 30s
env[DAFTARI_TOVUTI] = mfano
php_admin_value[upload_tmp_dir] = /var/cache/daftari/mfano
php_admin_value[session.save_path] = /var/lib/daftari/mfano/vikao
php_admin_value[session.gc_probability] = 1
```

Hapa mgeni hana sauti yoyote katika kuchagua tovuti. Seva ya wavuti hutumia jina la mwenyeji kuchagua soketi (mlango wa ndani wa mawasiliano kati ya michakato), na soketi ikishachaguliwa, mchakato unaojibu ni wa mtumiaji daftari-mfano, ambaye hata akitaka hawezi kufungua mipangilio ya jirani, kwa kuwa /etc/daftari/tovuti/ ya kila shule inamilikiwa na root na kundi la shule hiyo pekee kwa ruhusa 0640 kwa mafaili na 0750 kwa folda. Kazi za usiku hupewa kigezo kilekile, kwa hiyo zinapita mlango uleule wa msimbo. Anwani kamili ya tovuti iandikwe kwenye mipangilio, na viungo vya barua pepe, hasa vya kubadili nywila, vijengwe kutokana nayo. Ukivijenga kutokana na jina lililoletwa na kivinjari, mtu anaweza kumtumia mzazi kiungo halali kinachoelekea kwenye seva ya mvamizi huyo.

Mistari ya vikao (sessions, yaani mafaili ya kuwakumbuka walioingia kwenye tovuti) inahitaji maelezo, kwa sababu Debian wana utaratibu wao. PHP ya Debian imezimiwa usafishaji wa vikao wa ndani, ikiwa na gc_probability ya 0, na badala yake kuna kipima muda cha systemd (msimamizi wa huduma za Linux) kinachosafisha folda ya /var/lib/php/sessions. Skripti hiyo haisomi mipangilio ya makundi ya FPM. Ukihamisha vikao bila kurudisha gc_probability, vitarundikana kimyakimya hadi diski iishiwe nafasi za kuorodhesha mafaili, na ujumbe wa kosa utakaoupata hautataja vikao hata kidogo.

Utaona sikuweka open_basedir, mpangilio wa PHP unaoizuia kufungua mafaili nje ya folda ulizozitaja. Wengi huiweka wakidhani ndiyo ukuta wa usalama, ilhali ukuta wa kweli ni ruhusa za mfumo, ambazo tayari tumezipanga. Tena open_basedir huzima kache ya njia za mafaili ya PHP, jambo linaloiongezea kazi programu yenye mafaili mengi. Ukitaka kuiweka kama tahadhari ya ziada, iweke ukijua gharama yake.

Kuhusu kumbukumbu, GB 4 zinatosha kuliko unavyodhani. Kwa pm = ondemand, shule ambayo haina mgeni haina mchakato wowote unaoendelea, na siku ya matokeo shule iliyolemewa itafikia kikomo cha max_children wake bila kuzima nyingine. Jumla ya vikomo hivyo iangalie kwa makini, maana shule thelathini zikijaza michakato minne kila moja ni michakato 120, na matokeo ya kitaifa hutoka siku moja kwa wote. Anza na vikomo vidogo, upime mchakato mmoja unakula kiasi gani, kisha ndipo upandishe. Faida nyingine ni kwamba makundi yote yaliyo chini ya mchakato mkuu mmoja wa FPM hushirikiana OPcache moja (hifadhi ya msimbo wa PHP uliokwisha kutafsiriwa), kwa hiyo msimbo wa /usr/share/daftari hutafsiriwa mara moja na kutumiwa na shule zote, ambapo hivi sasa nakala zako thelathini zinagombania MB 128 zilizowekwa kwa chaguo-msingi.

Ushirikiano huo una upande wa pili. Faili la PHP lililokwisha kuingia OPcache linaweza kutumiwa na kundi jingine bila ruhusa zake kukaguliwa upya, isipokuwa umewasha opcache.validate_permission, ambayo kwa kawaida imezimwa. Iwashe kwenye mipangilio ya FPM nzima, na zaidi ya hapo uandike mipangilio ya tovuti kwa mtindo wa INI au JSON badala ya PHP, ili isiingie OPcache kabisa.

Na hata nywila yenyewe unaweza kuiondoa. MariaDB ina uthibitishaji uitwao unix_socket, na PostgreSQL ina peer. Vyote viwili huiuliza kernel ni mtumiaji yupi wa Linux aliye upande wa pili wa soketi. Kwa kuwa sasa kila shule ina mtumiaji wake, hifadhidata ya mfano inaweza kumkubali daftari-mfano bila nywila na kumkataa mwingine yeyote. Mipangilio ya shule inabaki na jina la kikoa, jina la hifadhidata na lugha, vitu ambavyo hata vikionekana havina madhara.

Sasa turudi kwenye kifurushi chako na yale maswali kinayouliza. Yaondoe yote. Chombo cha dbconfig-common, ambacho nadhani ndicho ulichokitumia, ni kizuri kwa programu yenye hifadhidata moja kwa kila usakinishaji, na dhana hiyo ndiyo isiyokufaa. Postinst ibaki na kazi chache: kuunda folda za juu, kuomba FPM isome upya msimbo, na basi. Kazi ya kuunda shule ipewe amri, tuiite daftari-tovuti, itakayopokea kitambulisho na kikoa, iunde mtumiaji, folda, hifadhidata na faili la kundi la FPM, kisha ihakiki kwa php-fpm8.2 -t kabla ya kuomba FPM ijipakie upya. Hatua hiyo ya uhakiki usiiruke, kwa sababu faili moja bovu ndani ya pool.d huizuia FPM nzima kuwaka, pamoja na shule zote nyingine. Kwa sababu hiyohiyo, wakati wa kuondoa shule faili la kundi liondoke kwanza na mtumiaji afuate. Ukimfuta mtumiaji kabla, FPM itakosa jina hilo itakapowashwa tena, na utaligundua siku seva inapozimika kwa umeme.

Amri hiyo iwe salama kurudiwa. Ikikatika katikati kwa sababu yoyote, kuiendesha mara ya pili kuimalizie kazi iliyobaki bila kulalamika kwamba mtumiaji tayari yupo na bila kufuta chochote kilichokwisha kuundwa.

Kwa upande wa Apache au nginx, kifurushi kisiwashe chochote kwa seva nzima. Umewahi kuona jinsi kifurushi cha phpmyadmin (chombo cha kusimamia hifadhidata kupitia kivinjari) kinavyoweka Alias ya /phpmyadmin ndani ya conf-enabled? Kwa kuwa mipangilio hiyo ni ya seva yote, ukurasa wa kuingilia unaonekana kwenye kila kikoa kilichopo hapo, hata cha mteja asiyejua phpMyAdmin ni nini. Wewe leta kipande cha mipangilio kisichofanya kazi mpaka kiitwe, kwa mfano ndani ya /etc/nginx/snippets/, na faili la kila tovuti likiite kwa include. Kipande hicho kiweke mzizi wa tovuti kwenye folda ndogo ya umma ndani ya /usr/share/daftari, na kielekeze vilivyopakiwa na shule kwenye /var/lib kama mafaili ya kawaida tu, pasiwe na njia yoyote ya kuyaendesha kama PHP.

Kazi za kila usiku zifanye kwa kiolezo cha systemd, daftari-kazi@.service pamoja na daftari-kazi@.timer, ambamo User=daftari-%i na Environment=DAFTARI_TOVUTI=%i. Weka pia RandomizedDelaySec ya dakika kadhaa, la sivyo shule thelathini zitaanza kutengeneza ripoti kwa sekunde moja.

Nimefika kwenye sehemu ambayo kwa uzoefu wa wengi ndiyo inayovunja mifumo ya aina hii, nayo ni usasishaji. Ukitoa apt upgrade, msimbo wa shule zote hubadilika kwa mkupuo mmoja, lakini hifadhidata thelathini hazibadiliki. Wengine huweka mageuzi ya majedwali ndani ya postinst, wakizungukia tovuti zote. Fikiria ya kumi na saba ikishindikana kwa sababu jedwali lake lina data usiyoitarajia: postinst itaishia na kosa, dpkg itakihesabu kifurushi kuwa hakijakamilika kusanidiwa, apt itarudia kosa hilo kila utakapoiendesha, na utakuwa na shule kumi na sita zilizobadilika, moja iliyokwama katikati na kumi na tatu ambazo hazijaguswa, zote zikitumia msimbo mpya.

Badala yake, kila hifadhidata ihifadhi namba ya toleo la muundo wake, na msimbo ujue namba unayoitaka. Ombi linapofika, programu ilinganishe namba hizo mbili. Zikitofautiana kwa namna isiyovumilika, ijibu 503 (huduma haipatikani kwa sasa) yenye kichwa cha Retry-After pamoja na ukurasa wa maelezo kwa Kiswahili kinachoeleweka na mzazi, kwa shule hiyo peke yake. Mageuzi yenyewe yaendeshwe na daftari-tovuti, shule moja baada ya nyingine, na kushindwa kwa moja kusizuie nyingine wala kusimfikie dpkg. Postinst inaweza kuianzisha kazi hiyo kama huduma ya systemd, mradi isisubiri matokeo yake.

Ipo nidhamu ya uandishi wa mageuzi inayopunguza hata hizo 503. Toleo moja liongeze tu: safu mpya, jedwali jipya, vyote vikiwa na thamani ya awali, ili msimbo wa zamani na mpya wote waweze kufanya kazi juu ya muundo uleule. Kuondoa safu ya zamani kusubiri toleo linalofuata, baada ya kuhakikisha shule zote zimevuka. Nidhamu hii ina uzito wa pekee ukitumia MariaDB, kwa kuwa humo amri za kubadili muundo wa majedwali hujithibitisha zenyewe papo hapo na haziwezi kurudishwa nyuma kama muamala; PostgreSQL inaruhusu kuzirudisha. Kwa vyovyote vile, chukua nakala rudufu ya hifadhidata ya shule husika mara tu kabla ya mageuzi yake, kwa mysqldump --single-transaction ikiwa majedwali yote ni ya InnoDB, na uiweke mahali ambapo mtumiaji wa shule hawezi kuiandika.

Jambo dogo linalohusiana: OPcache hutambua mabadiliko kwa tarehe ya faili, na zana za Debian huzirudisha nyuma tarehe zilizo mbele ya ile iliyoandikwa kwenye changelog. Ukitengeneza upya kifurushi bila kuongeza ingizo jipya la changelog, msimbo mpya unaweza kuonekana una umri uleule wa zamani. Ongeza ingizo kila mara, na FPM ipakiwe upya kila baada ya usakinishaji.

Siku itafika ambapo shule moja itakataa kuhama, labda kwa kuwa mhasibu wao amezoea ripoti ya ada ya toleo la zamani na muhula haujaisha. Hapo ndipo utakapojuta ikiwa jina la kifurushi ni moja milele. Kwa mabadiliko makubwa, weka namba ndani ya jina: daftari3 na daftari4, zenye /usr/share/daftari3 na /usr/share/daftari4, zinazoweza kukaa pamoja kwenye seva moja. Debian walifanya hivyo kwa drupal6 na drupal7, na PHP yenyewe imefungashwa kwa mtindo huo. Kuhamisha shule kunakuwa ni kubadili mstari wa mzizi wa tovuti na kuendesha mageuzi, kwa wakati uliokubaliana na mwalimu mkuu. Usivumilie matoleo zaidi ya mawili kwa pamoja, kwa sababu kila rekebisho la usalama utalazimika kulifanya mara nyingi sawa na idadi ya matoleo.

Suala la kufuta linahitaji uamuzi wako mapema. Mtu akiendesha apt purge daftari4, kache ifutwe bila kusita, lakini /var/lib/daftari na hifadhidata zibaki, na postrm (skripti ya wakati wa kuondoa kifurushi) iseme kwamba zimebaki na ziko wapi. Mafaili ya /etc/daftari/tovuti hayakuletwa na kifurushi bali na amri yako, kwa hiyo dpkg haiyahesabu kuwa yake na haitakuuliza lolote kuyahusu wakati wa kusasisha, ndivyo inavyotakiwa. Kuondoa shule kuwe ni kazi ya daftari-tovuti, nayo iikatae mpaka ioneshwe kwamba nakala rudufu ipo.

Uliuliza kuhusu kontena. Zina mahali pake: pale ambapo kila mteja ana programu tofauti, au matoleo ya PHP yasiyopatana, au unapotumia seva kadhaa na unataka kuhamisha mzigo kati yake. Kwako wewe msimbo ni mmoja. Kontena thelathini zitamaanisha FPM thelathini na OPcache thelathini zisizoshirikiana, na kila rekebisho la usalama la PHP ambalo leo unalipata kwa apt upgrade litadai kutengeneza picha upya na kuziwasha kontena zote. Tena bado utahitaji kutenganisha msimbo, mipangilio na data ya kila shule, yaani kazi ileile niliyoieleza hapa. Ukiifanya kwanza, kuhamia kontena baadaye kutakuwa kwepesi. Kuna watakaokushauri pia uweke shule zote ndani ya hifadhidata moja yenye safu ya kitambulisho cha shule. Hilo linafaa kwa huduma iliyobuniwa hivyo tangu mwanzo. Kwa programu ambayo tayari ipo, swala moja lililosahau sharti la shule litaonesha ada za shule nyingine, na kuirudisha shule moja kutoka kwenye nakala ya jana kutakuwa kazi ya upasuaji.

Kabla hujahamisha chochote, linganisha nakala zako thelathini. Endesha diff -r kati ya kila moja na msimbo wenu rasmi, na uwe tayari kukuta mambo: nembo iliyobadilishwa ndani ya folda ya msimbo, fomula ya wastani iliyorekebishwa kwa shule moja kwa ombi la simu, pengine na faili la PHP ambalo hakuna aliye tayari kukiri kuliweka. Nembo na rangi ziende kwenye folda ya mandhari ndani ya /var/lib ya shule husika. Tofauti za mantiki, kama ile ya wastani, zigeuzwe kuwa chaguo la mipangilio ndani ya programu, hata kama ni shule moja tu inayolihitaji. Faili lisilo na mwenyewe lichunguze kama uvamizi mpaka uthibitishe vinginevyo, na shule hiyo usiihamishe hadi uchunguzi uishe, kwa kuwa utaibeba hifadhidata yake pamoja na akaunti zozote za msimamizi zilizoongezwa humo. Anza na shule ambayo diff yake ni tupu, iache ikae wiki mbili ikiwemo siku ya kutoa ripoti, ndipo uhamishe zilizobaki kwa mafungu.